Mawazo, sonona au wazimu? Jina la maumivu linavyoamua nani atapata tiba

Mwaka 2006, nje ya zahanati moja ya Mbare, mtaa wa walalahoi jijini Harare, liliwekwa benchi la mbao. Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa mabingwa wa magonjwa ya akili waliokuwa wakihesabika kwa vidole nchini Zimbabwe, alikusudia mtu mwenye dhiki ya moyo aketi pale na bibi wa mtaani, azungumze, asikilizwe, arudi nyumbani akiwa na la kufanya. Likaitwa benchi la afya ya akili.

Watu wakalikwepa. Nani akae mahali ambapo jirani akipita atasema kumbe fulani naye ni mgonjwa wa akili?

Bibi wale ndio waliomweleza daktari kosa liko wapi. Jina likabadilishwa, likawa Chigaro Chekupanamazano, benchi la kupeana mashauri. Duniani linajulikana leo kama Benchi la Urafiki. Mbao zilikuwa zile zile na wasikilizaji wale wale. Watu wakaanza kuketi.

Kisa hicho kinajibu kwa vitendo swali nililotumwa kuliandikia: je, maneno tunayotumia kutaja maumivu ya moyo yana uzito kwa afya ya mtu, au ni ganda tu la nje? Huku kwetu Afrika Mashariki mtu mmoja anaweza kuitwa mwenye mawazo, mwenye sonona, mwenye mashetani na kichaa ndani ya wiki moja, kutegemea amepita kwanza kwa nani. Kwa mgonjwa huyo, swali hili ni la uhai wake.

Mji uliobomolewa, bibi 14

Mbare haikuchaguliwa hivi hivi. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda vya watu mijini, Mbare ikiwamo, katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulimtuma Mtanzania, Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa mkuu wa UN-HABITAT wakati huo, akaone kilichotokea. Ripoti yake ilikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili.

Chibanda aliomba wauguzi, akaambiwa hawapo. Aliomba chumba, hakikupatikana. Alichopewa ni bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii, na nafasi ya uwanjani.

Alikuja na istilahi za kitabibu, bibi wakazikataa. Mtaani, walimwambia, hakuna anayesema ana dipresheni, yaani sonona. Watu husema wana kufungisisa, Kishona cha kufikiri kupita kiasi, fikra kuzunguka pale pale usiku kucha. Hata hatua za tiba walizipa majina yao: kuvhura pfungwa, kufungua fikra, kusimudzira, kumwinua mtu, kusimbisa, kumtia nguvu.

Tazama majina hayo yanafanya kazi gani. Anayefikiri mno anaweza kusaidiwa kufikiri. Aliyeanguka anaweza kuinuliwa. Ndani ya neno lenyewe kuna kitendo, na kitendo hicho kinamhitaji mgonjwa ashiriki. Anayeambiwa tu kwamba ni mgonjwa hukaa akingoja dawa. Anayeambiwa "unafikiri mno, njoo tuzifungue fikra hizo" amepata mahali pa kushika.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA. Watu 573 kutoka zahanati 24 za Harare walifuatiliwa kwa miezi sita. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, asilimia 49.9 walikuwa bado na dalili za sonona. Miongoni mwa walioketi na bibi, ni asilimia 13.7. Mpango huo umekwisha kuvuka mipaka na kufika Malawi na Zanzibar.

Sidai kwamba jina peke yake lilileta tofauti hiyo. Palikuwa na mafunzo, na mbinu ya kushughulikia tatizo moja hadi lipate ufumbuzi, na usimamizi wa karibu. Lakini yote hayo yangebaki uwanjani na benchi tupu kama lingeendelea kuitwa jina lile la kwanza.

Salama, ila…

Kiswahili kina kufungisisa yake. Tunasema "nina mawazo", "mawazo yamenizidi", "mawazo yataniua". Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Bonnie Kaiser walikusanya maandiko 138 na kuonyesha kwamba usemi wa kufikiri mno umeenea katika mabara kadhaa, kila watu kwa lugha yao. Walionya pia kwamba usemi huo haulingani na ugonjwa mmoja wa vitabuni. Humo ndani huingia sonona, hofu, kiwewe na shida za maisha, vyote katika kapu moja.

Sasa chukua zahanati yoyote ya wilayani Jumatatu asubuhi. Foleni imefika nje ya kibaraza. Mama wa makamo anaingia, anaamkiana na tabibu. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Unasumbuliwa na nini, mama? Kichwa, upande huu. Moyo unaenda mbio. Usiku silali. Miguu inawaka moto.

Anapimwa presha, haina neno. Anapimwa malaria, hakuna. Anaandikiwa dawa ya maumivu, anaambiwa apunguze chumvi na apumzike. Mwezi ujao atarudi na kichwa kile kile.

Kila mtu aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba ile "nzuri" ya kwanza ni adabu. Hata aliyefiwa jana akiamkiwa hujibu kwanza "salama", kisha ndipo hufuata "ila tumepata msiba". Habari yenyewe hukaa baada ya "ila". Mama yule alikuwa na "ila" yake: labda mume aliyeondoka, labda mkopo wa kikundi, labda mtoto aliyezikwa mwaka jana. Foleni haikumpa nafasi ya kuifikia.

> Habari yenyewe hukaa baada ya "ila", na foleni ya zahanati haimpi mgonjwa nafasi ya kuifikia.

Angeulizwa tu, "Mama, una mawazo?", wengi wa aina yake wangejibu. Swali hilo halimwaibishi mtu. Kuwa na mawazo ni jambo la binadamu yeyote mwenye watoto na ada za shule. Ni mlango ulio wazi tayari, na inauma kuona huduma zetu zikiupita na kwenda kubisha kwingine.

Maumivu ya moyoni, kliniki ya akili

Mlango huo mwingine una kibao kilichoandikwa "Afya ya Akili". Kwetu, akili ni busara na werevu. "Hana akili" ni tusi, "tumia akili" ni karipio. Mjane akielekezwa kliniki ya afya ya akili husikia anaambiwa kwamba amepungukiwa. Maumivu yake, lugha yetu haiyaweki kichwani hata kidogo: moyo mzito, moyo uliokufa ganzi, roho inayouma, kuvunjika moyo. Ndiyo maana hujibu, na kwa haki yake, kwamba akili yake ni nzima, ana mawazo tu. Kisha hurudi nyumbani.

Jina hilo limeshakaa kwenye sera na sheria, na sitegemei libadilishwe kesho. Lakini kuna kinachowezekana hata leo: muuguzi aanzie moyoni, alipo mgonjwa, kabla ya kumpeleka kwenye akili.

Historia nayo haijatusaidia. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910 kwa jina la Kiingereza lililomaanisha makazi ya vichaa. Mirembe ya Dodoma ilianza mwaka 1927. Leo zote ni hospitali za taifa zenye mabingwa, na watu hutoka humo wakiwa na nafuu wakarudi kwenye kazi zao. Vijiweni, hata hivyo, majina yake yamebaki kuwa matusi. Mtu akibishana kwa sauti ya juu, anaambiwa katoroka Mirembe.

Madhara ya tusi hilo hayaishii kwenye mzaha. Familia ambayo haitaki jina la hospitali hiyo litajwe nyumbani kwake itajaribu kwanza kila njia nyingine. Itaita maombi, itapunga pepo, itamfungia kijana chumba cha uani. Atakapofikishwa kwa daktari, mara nyingine akiwa amefungwa kamba mikononi, ugonjwa ambao ungetulizwa mapema umekwisha kuota mizizi.

Wajapani walivyobadili jina

Kwamba jina la ugonjwa linaweza kubadilishwa kwa makusudi, na mabadiliko hayo yakapimika, Japani imeonyesha. Ugonjwa tunaouita skizofrenia ulikuwa ukiitwa huko seishin bunretsu byo, ugonjwa wa akili iliyopasuka. Neno lilikuwa zito kiasi kwamba madaktari wengi hawakuwa wakiwaambia wagonjwa wao wanaumwa nini. Walitibu wakiwa wamenyamaza.

Walioanza kudai mabadiliko ni familia za wagonjwa, mwaka 1993, kupitia chama chao. Agosti 2002 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya akili kikakubali, na ugonjwa ukaitwa togo shitcho sho, kuvurugika kwa muungano wa fikra. Kabla ya hapo, ni asilimia 36.7 tu ya wagonjwa walioelezwa jina la ugonjwa wao. Ndani ya miaka mitatu wakafika asilimia 69.7.

Dawa hazikubadilika wala ubongo wa mtu haukubadilika. Daktari alipata neno ambalo angeweza kulitamka mbele ya mama wa mgonjwa, na mgonjwa akajua anameza vidonge kwa sababu gani. Asiyejua sababu ya vidonge vyake huviacha akipata nafuu kidogo tu, na hapo ugonjwa hurudi.

Teja na mraibu

Kwetu kuna mfano wa karibu zaidi, na bado haujaandikwa vya kutosha. Miaka ya nyuma, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akitumia heroini alikuwa na jina moja tu: teja. Mateja wa Magomeni, mateja wa stendi. Teja akipita, watu hushika mikoba. Teja akilala barazani, humwagiwa maji. Akishikwa na arosto, makali ya kukosa dawa, akatetemeka na kutapika pembeni mwa barabara, wanaopita husema amejitakia.

Mwaka 2011 kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia anayeacha heroini, ilifunguliwa Muhimbili, na pamoja na dawa hiyo likaanza kutumika kwa nguvu neno mraibu. Nyumba wanazokaa wanaoacha dawa zikaitwa nyumba za upataji nafuu. Uraibu ni hali inayomshika mtu, na inaweza kumwachia. Teja ni mtu mzima mzima, hana mahali pa kutokea.

Kuna wanaoona haya ni maneno ya semina. Wasome utafiti uliochapishwa na John Kelly na Cassandra Westerhoff nchini Marekani mwaka 2010. Waliwapa wataalamu zaidi ya 500 wa tiba ya akili na uraibu maelezo ya mgonjwa mmoja. Nusu walisoma karatasi inayomwita kwa jina la kulaumu, mtumiaji mbaya wa dawa. Wengine walisoma maelezo yale yale, ila anaitwa mtu mwenye ugonjwa wa utegemezi wa dawa. Waliosoma jina la kwanza walielekea zaidi kumwona mwenye hatia na anayestahili hatua za adhabu.

Hao ni wataalamu, watu waliosomea kazi hiyo. Kama neno moja lilitosha kuwapindisha, vipi mgambo, mwenye nyumba au mjomba wa mgonjwa?

> Uraibu ni hali inayomshika mtu, na inaweza kumwachia. Teja hana mahali pa kutokea.

Madaktari wana hoja yao

Hadi hapa mtu anaweza kudhani nasema lugha ya mtaani ni dawa na lugha ya hospitali ni sumu. La hasha. Madaktari wana malalamiko ya haki kabisa dhidi ya neno mawazo, na lazima yasikilizwe.

Kwanza, mawazo ni ya kila mtu. Mwenye deni ana mawazo, anayengoja matokeo ya kidato cha nne ana mawazo, na mwanamke ambaye hajaweza kuinuka kitandani tangu ajifungue, anayemtazama mwanawe bila kuhisi chochote, naye huambiwa ana mawazo. Huyu wa mwisho ni mgonjwa. Anahitaji kutibiwa, pengine kwa dawa, na anayemwambia "yatapita" anamcheleweshea uhai.

Hapa ndipo neno sonona lina kazi yake. Limetolewa kwenye kusononeka, neno ambalo bibi yeyote wa kijijini analijua, na Tanzania limeingia katika vipeperushi na redio. Majirani zetu Kenya husema zaidi unyogovu. Hojaji ya maswali tisa inayotumika duniani kupima sonona imetafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya na Tanzania, ikaonekana inafaa. Kwa wahudumu wa ngazi ya zahanati hicho ni chombo kikubwa: kinawawezesha kutenganisha siku mbaya na ugonjwa.

Pili, lugha yetu ya kila siku ina maneno yanayofunga mdomo. Lililo kubwa kati yake ni jikaze. Mtoto wa kiume akianguka, jikaze. Akifiwa, jikaze, mwanaume halii. Akifukuzwa kazi, jikaze, wewe ni baba. Binti naye anafundwa kabla ya harusi kwamba ndoa ni kuvumilia, na akirudi kwao na jicho limevimba anakumbushwa somo lile lile.

Jikaze humwambia mtu asitaje. Na kutaja, kwa ushahidi tulio nao, kunapoza. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hofu na hasira huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipotaja kwa neno hisia iliyokuwa usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga king'ora cha hatari, ilitulia.

Miaka mitano baadaye, katika chuo hicho hicho, watu 88 wenye kuogopa buibui waliletewa buibui mkubwa aliye hai. Baadhi waliambiwa waseme wazi wanavyojisikia: ninaogopa, buibui huyu ananitisha. Wengine waliambiwa wajiliwaze kwamba hana madhara, wengine wafikirie mambo mengine. Wiki moja baadaye, miili ya wale waliotaja hofu yao ndiyo iliyoonyesha mshtuko mdogo zaidi walipomkaribia tena. Na kati yao, waliotumia maneno mengi zaidi ya hofu ndio walionufaika zaidi. Kujikaza, basi, kuna gharama, na mwili ndio unaoilipa.

Tatu, kuna mtihani. Hili ni neno la pwani hasa, ingawa limefika bara. Mwenye msiba huambiwa ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, avute subira. Siwezi kulidharau neno hili. Nimewaona watu limewashika wasianguke, kwa kuwa linasema maumivu yako yana maana na yana mwisho, na hukuachwa peke yako. Linapoumiza ni pale linapogeuzwa kuwa amri ya kunyamaza, mgonjwa akaona kwamba kulalamika kwa daktari ni kulalamika dhidi ya Mola. Mashekhe na wachungaji wanaweza kulimaliza hili kwa sentensi moja ya mimbarini, kwamba kutafuta tiba ni sehemu ya subira, na wapo wanaolisema.

Maneno yakizidi

Kizazi cha simu janja kina shida ya upande wa pili. Wanafunzi wa vyuo Dar es Salaam na Nairobi wanazungumza leo kuhusu dipresheni, troma na paniki kwa wepesi ambao wazazi wao hawakuwa nao. Aliyekosa nafasi ya kazi ana dipresheni. Aliyekaripiwa na mhadhiri ana troma.

Wataalamu wamegawanyika juu ya jambo hili. Nick Haslam, mwanasaikolojia wa Melbourne, alieleza mwaka 2016 jinsi maneno ya madhara na ugonjwa yanavyozidi kutanuka hadi kuingiza mambo ambayo zamani yalikuwa nje yake. Mwaka 2023 Lucy Foulkes na Jack Andrews walikwenda mbali zaidi: kampeni za uelewa zinawasaidia watu waliokuwa wagonjwa bila kujua, lakini huenda pia zinawafanya wengine wayasome machungu ya kawaida kama ugonjwa, wakaanza kujikinga na maisha, na kwa kujikinga huko wakaumia zaidi.

Biashara nayo inajua nguvu ya maneno. Dawa ya Paxil ilipoingia Japani mwaka 2000, sonona ilitangazwa huko kama kokoro no kaze, mafua ya moyo. Aibu ilipungua, hilo ni jema. Lakini mafua ni kitu chepesi, humpata kila mtu, na dawa yake hununuliwa dukani. Mauzo ya dawa za sonona yakapanda.

Naizingatia hoja hii, lakini sidhani ndiyo hatari yetu kubwa. Kwa kila kijana wa mjini anayejiita mgonjwa bila kuwa mgonjwa, wako wengi vijijini ambao hawajawahi kuulizwa hata swali moja. Hofu ya maneno kuzidi ni ya nchi zenye huduma za kutosha. Sisi bado tuna uhaba wa vyote viwili, maneno na huduma.

Sheria na vichwa vya habari

Kuna mahali ambapo neno la dhiki limeandikwa kama kosa la jinai. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inamtaja anayejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, chenye adhabu ya hadi miaka miwili jela. Vyote ni urithi wa sheria za Kiingereza, na Uingereza yenyewe iliifuta jinai hiyo Agosti 1961, miezi minne kabla Tanganyika haijapata uhuru. Sisi tulibaki na mzigo ambao mwenyewe alikwisha kuutua.

Matokeo yake ni kwamba aliyeokolewa usiku hupelekwa wodini na askari kando ya kitanda. Familia inayojua hivyo huficha, humwambia daktari kwamba kijana alikunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya, na daktari hutibu tumbo, huacha moyo.

Mwaka 2020 kikosi kazi cha Kenya kilichoongozwa na Dakta Frank Njenga kilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa kinamwadhibu mtu kwa hali ya afya yake na kumvunjia utu. Tanzania kifungu bado kipo. Bunge letu linaweza kukiondoa, na kila mwaka kinapoendelea kuwapo kinafunga midomo ya watu ambao wangeomba msaada.

Na sisi wa magazeti hatuna mikono safi. Tazama neno tunalolipenda kwenye vichwa vya habari: kisa. Ajiua kisa mapenzi. Ajiua kisa mkopo. Silabi mbili, na maisha ya mtu yamefungwa kwenye sababu moja. Shirika la Afya Duniani, linalokadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, linasisitiza katika mwongozo wake kwa waandishi kwamba kujiua hakuna sababu moja, na kwamba kutaja njia iliyotumika au kuipamba habari huwasukuma wengine walio ukingoni.

Ushahidi upo tangu zamani. Jijini Vienna, magazeti yalikuwa yakiandika kwa msisimko kuhusu watu waliojiua kwenye treni za chini ya ardhi. Katikati ya mwaka 1987 wataalamu waliwapa wahariri mwongozo, na wahariri wakaufuata. Katika nusu ya pili ya mwaka huo vifo vya aina hiyo vilipungua kwa takribani asilimia 80 kulinganisha na nusu ya kwanza. Treni ziliendelea kupita kama kawaida, ila magazeti yaliacha kusimulia vifo hivyo kwa namna ile.

> "Ajiua kisa mapenzi": silabi mbili za "kisa", na maisha ya mtu yamefungwa kwenye sababu moja.

Kila chumba cha habari cha Kiswahili kinaweza kuacha neno kisa kwenye habari hizi kuanzia toleo lijalo. Hakuna gharama wala bajeti ya kuomba.

Swali la tisa

Hojaji ile ya maswali tisa inaishia na swali ambalo wahudumu wengi hulikwepa. Linauliza kama, katika wiki mbili zilizopita, mtu amepata fikra kwamba ni bora afe au ajidhuru. Wengi huona haya kulitamka mbele ya mtu mzima. Wengine huogopa kwamba wakiuliza watampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Utafiti umelichunguza hilo mara nyingi, na kuuliza hakupandikizi wazo. Aliyekuwa nalo mara nyingi hupata ahueni kwa kuwa hatimaye mtu amethubutu kulitaja.

Swali hilo halihitaji daktari wala istilahi. Dada anaweza kumwuliza kaka yake, mwenye duka anaweza kumwuliza mteja wake wa kila siku aliyebadilika ghafla. Anza na analolijua: "Naona una mawazo mengi siku hizi." Mwache aseme. Usimkatize, usimwambie wako wenye shida kumzidi, usimtajie jikaze. Kisha uliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Umewahi kufikiria kwamba bora ufe?"

Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa vya hatari vilivyo karibu naye, mwite mmoja anayemwamini, na mwende pamoja kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mkifika dirishani mkaulizwa anaumwa nini, msiseme kichwa. Semeni ana sonona, amefikiria kufa.